Kwenda Iceland Airwaves Peke Yako: Mwongozo Kamili wa Reykjavík ya Novemba

Kinachomtesa mgeni Reykjavík mwezi wa Novemba ni upepo kuliko baridi. Mji huu uko latitudo ya 64 kaskazini, lakini maji ya bahari yenye uvuguvugu yanayoipitia Aisilandi huufanya usiwe wa barafu kama jina la nchi linavyotisha. Mwanzoni mwa Novemba kipimajoto mara nyingi hucheza kati ya nyuzi sifuri na tano. Ukiisoma namba hiyo ukiwa mbali, utasema inavumilika. Unatoka mlangoni, upepo wa mita 15 kwa sekunde unakuvaa kutoka baharini, na ile sifuri mwili unaihesabu kama hasi nane. Basi, kila nitakachoeleza hapa kuhusu tamasha la muziki la Iceland Airwaves, kuanzia tarehe ya ndege hadi bendi ya kuifuata saa nne usiku, kimepangwa kwa kuangalia upepo kwanza.

Iceland Airwaves ilianza mwaka 1999 ndani ya banda la kuegeshea ndege, kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Reykjavík. Leo ni tamasha la mji mzima. Hakuna kiwanja kimoja chenye uzio na jukwaa kubwa. Kuna kumbi kadhaa katikati ya mji zinazopiga muziki kwa wakati mmoja, na wewe unatembea kutoka moja kwenda nyingine ukiwa na bangili mkononi. Mpangilio huo unampendelea aliye peke yake. Ukumbi ukijaa, mlinzi huruhusu watu kuingia kwa idadi ya wanaotoka. Kundi la watu watano litasimama kwenye upepo likibishana kama ligawanyike. Wewe nafasi yako ni moja tu, na ikipatikana unaingia.

Karatasi: tiketi, viza, ndege, kwa mpangilio huo

Anza na tiketi ya tamasha. Kwa miaka ya karibuni tamasha limekuwa la siku tatu, Alhamisi hadi Jumamosi, wiki ya kwanza au ya pili ya Novemba, na tiketi huuzwa miezi mingi kabla, bei ikipanda kadiri siku zinavyosogea. Nunua kwenye tovuti ya tamasha lenyewe. Hiyo tiketi utaihitaji pia kwa ajili ya viza.

Aisilandi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja. Ukiwa na pasipoti inayohitaji viza, unaomba viza ya Schengen ya muda mfupi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usiisubiri hiyo 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua hadi siku 15, lakini sheria inaruhusu ufike siku 45 faili lako likihitaji kuchunguzwa zaidi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000 kwa matibabu na kurudishwa nyumbani.

Aisilandi ina balozi chache sana duniani, kwa hiyo sehemu nyingi maombi yake hupokelewa na nchi nyingine ya Schengen kwa niaba yake. Angalia kwenye tovuti ya serikali ya Aisilandi ni nani anayeiwakilisha mahali unapoishi. Wapo wanaoomba viza ya Uholanzi au Ujerumani kwa sababu tu ndege inapitia huko. Hiyo ni kujitafutia kukataliwa: unaomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi.

Msafiri wa peke yake huulizwa maswali kidogo zaidi, na ni haki yao kuuliza. Andika barua ya ukurasa mmoja: naenda tamasha hili, tarehe hizi, nitalala hapa, gharama inatoka hapa, na kinachonirudisha ni kazi hii au masomo haya. Ambatisha tiketi ya tamasha, taarifa za benki na barua ya mwajiri au ya chuo. Hoteli chukua ile unayoweza kuifuta bila kutozwa mpaka viza itoke. Na tafadhali, usimbuni rafiki wa kusafiri naye kwa kudhani itapendeza zaidi.

Ndege. Uwanja wa kimataifa ni Keflavík, kama kilomita 50 kutoka mjini. Ukiunganisha kupitia Amsterdam, Copenhagen, Frankfurt au Paris, ukaguzi wa pasipoti unafanyika huko huko, na ukifika Keflavík unatoka kama mtu wa ndege ya ndani. Acha angalau saa mbili na nusu kati ya ndege na ndege, kwa sababu tangu Oktoba 2025 Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni mpakani badala ya kugonga mihuri, na foleni imerefuka. Ukipata bei nzuri kupitia London, kumbuka Uingereza haimo Schengen. Pasipoti nyingi hudaiwa viza ya kupita tu hapo uwanjani. Soma masharti yake kabla ya kulipa.

Fika Jumanne au Jumatano, ondoka Jumatatu. Siku hizo za pembeni ni kinga yako: dhoruba ya Novemba inaweza kuzuia ndege siku nzima, na barabara ya Keflavík hufungwa pepo zikizidi. Anayetua Alhamisi saa kumi jioni ili awahi onyesho la saa mbili usiku ameikabidhi tiketi yake kwa hali ya hewa.

Kitanda kiwe karibu

Tafuta malazi ndani ya eneo la posta 101, ambalo ndilo katikati ya mji. Chumba cha bei nafuu kilicho dakika 40 kwa miguu kitakuwa cha bei nafuu hadi saa saba za usiku, wakati mvua inapokuja kwa ubavu na basi halipo. Kwa aliye peke yake, hosteli ni chaguo zuri kuliko hoteli. Kex, iliyo kwenye jengo la zamani la kiwanda cha biskuti, ina historia na tamasha hili: kituo cha redio cha KEXP cha Seattle kilirusha matangazo ya moja kwa moja kutoka hapo miaka kadhaa. Loft iko Bankastræti, katikati kabisa. Hata usipolala hapo, kumbi zao za pamoja ni mahali pa kukaa na kahawa ukasikia nani amepiga vizuri jana.

Ukichukua kitanda katika chumba cha pamoja, beba kufuli yako, kitambaa cha kufunika macho na vizibo vya masikio. Vizibo hivyo hivyo vitakufaa mbele ya spika.

Mavazi: hapa usifanye haraka

Kosa la kawaida ni kununua koti moja nene kama godoro na kuamini kazi imekwisha. Koti hilo litakushinda mara mbili kwa usiku mmoja. Nje, upepo utapenya kwenye mishono yake na mvua italilowesha. Ndani, utaungua, maana majengo ya Reykjavík hupashwa moto kwa maji ya chini ya ardhi na hakuna anayebania joto. Utaingia kwenye baa yenye watu 200 wanaoruka ukiwa umevaa blanketi, utaloa jasho, kisha utatoka na jasho hilo kwenye upepo. Jasho ndilo linalowagandisha watu.

Unachotaka ni nguo tatu zinazofanya kazi tatu.

Ya kwanza hugusa ngozi na kazi yake ni kuondoa jasho: fulana ya mikono mirefu na suruali ya ndani ya sufu laini au ya nyuzi za michezo. Pamba haifai. Ikilowa hukaa imelowa, na jinzi iliyonyeshewa ndiyo adhabu ndefu kuliko zote kwa sababu haikauki mpaka asubuhi. Ya pili huhifadhi joto: sweta la sufu au la flisi, lisiwe zito, liwe na zipu ya kufungua shingoni. Ya tatu ndiyo ya kutumia pesa: koti la nje lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia inayokazwa kwa kamba kuzunguka uso. Kofia isiyokazwa itavuliwa na upepo ndani ya sekunde mbili na itabaki ikikupigapiga mgongoni. Koti hilo liwe jembamba kiasi cha kukunjwa na kufungwa kiunoni au kuingia kwenye begi dogo, kwa kuwa kumbi kubwa kama Harpa zina mahali pa kuacha makoti lakini baa ndogo hazina, na rundo la makoti kwenye kona ya baa yenye giza silo mahali pa kuacha koti lenye pasipoti.

Kabla ya kusafiri, lijaribu kwa njia hii: vaa vyote vitatu, kaza kofia, kisha jaribu kufunga zipu, kutoa simu na kuirudisha ukiwa umevaa glavu. Ukishindwa sebuleni, kwenye giza la Sæbraut, barabara ya kando ya bahari, hutaweza. Kamba fupi uliyoifunga kwenye kishikio cha zipu hutatua nusu ya tatizo.

Glavu beba jozi mbili, nyembamba za ndani zinazogusa skrini na za nje za kuzuia upepo. Shingoni vaa ile skafu ya duara isiyo na ncha. Ya kawaida hupepea na kukukaba. Kofia ya sufu ishuke hadi chini ya masikio. Wenye nywele ndefu au zilizosukwa, zifungeni kabla ya kutoka, si mkiwa kwenye kona ya barabara. Mwavuli uache nyumbani. Wenyeji hawautumii, na baada ya dhoruba utaona mapipa ya taka yakiwa na mifupa ya miavuli ya wageni.

Viatu viwe vya kufunika kifundo, visivyopitisha maji, vyenye soli yenye meno. Usiku mvua ikiganda, njia za pembeni huwa barafu telezi usiyoiona. Kuna vyuma vyenye mpira vya kuvalisha juu ya kiatu, Waisilandi huviita *mannbroddar*, vinapatikana madukani na kwenye vituo vya mafuta. Vivue kabla ya kuingia ndani. Sakafu ya ukumbi haivipendi.

Ukikuta umepungukiwa, usikimbilie maduka ya makoti ya Laugavegur, mtaa mkuu wa maduka, utalia kwa bei. Msalaba Mwekundu una maduka ya mitumba katikati ya mji, na sweta la *lopapeysa*, lile la sufu lenye duara la mapambo mabegani, hupatikana huko kwa bei ya chini kuliko jipya. Sufu yake inakuna shingo, lakini upepo hauliwezi kirahisi.

Begi la mgongoni la usiku liwe dogo: soksi za akiba ndani ya mfuko wa plastiki, pawabenki, chupa ya maji, mafuta ya midomo. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri huisha ghafla ikipigwa na baridi. Plagi za huko ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo mwenye chaja ya pini tatu za bapa abebe adapta.

Siku ya kufika

Mabasi ya Flybus husubiri kila ndege Keflavík na kukufikisha kituo cha mabasi cha BSÍ mjini kwa takriban dakika 45. Nauli ni karibu krona 4,000, na kwa nyongeza kidogo gari dogo hukusogeza hadi karibu na hoteli; katika upepo na sanduku la magurudumu, nyongeza hiyo ni halali yake. Basi la umma namba 55 ni nafuu zaidi ila huenda polepole na si saa zote. Teksi kutoka uwanjani ni ya wenye hela za kuchezea. Gari la kukodi nalo usilichukue kwa ajili ya tamasha: mjini hulihitaji, na upepo wa huko hung'oa milango ya magari, hasara ambayo bima nyingi za kukodi hazifidii.

Fedha taslimu huhitaji hata kidogo. Kadi hupita kila mahali, ila hakikisha unaikumbuka namba yake ya siri, na waarifu benki yako kabla hujaondoka. Kadi ya pili ikae chumbani, mbali na ya kwanza. Aliye peke yake hana wa kumkopa.

Saa ya Aisilandi ni ile ya Greenwich mwaka mzima. Ratiba ya tamasha huandikwa kwa saa 24, na hapa anayehesabu saa kwa Kiswahili awe macho. 20:00 ni saa mbili usiku. Na 00:20 iliyo chini ya kichwa cha Ijumaa ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Huwezi kuamini ni wangapi huenda ukumbini usiku mmoja kabla au mmoja baada.

Bangili chukua mapema, Jumatano kama dirisha limefunguliwa, au Alhamisi mchana. Jioni ya kwanza foleni hurefuka.

Kuusoma upepo

Tovuti ni vedur.is, ya idara ya hali ya hewa ya Aisilandi, nayo ina Kiingereza. Ifungue asubuhi na tena saa kumi jioni. Upepo huandikwa kwa mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa. Kwa mtembea kwa miguu, mimi huzisoma hivi: chini ya 8, tembea utakavyo. Kati ya 8 na 14, panga njia. Kati ya 15 na 20, punguza safari za nje na usiende ufukweni kupiga picha. Zaidi ya 20, chagua ukumbi mmoja na ukae humo. Kumbuka namba hiyo ni ya wastani; vishindo vya ghafla huizidi kwa mbali, hasa kwenye kona za majengo.

Tahadhari hutolewa kwa rangi: njano, chungwa, nyekundu. Njano ni jambo la kawaida wakati huu wa mwaka na mji huendelea na shughuli zake. Chungwa, safari za nje ya mji huahirishwa. Nyekundu, watu hubaki ndani, na wewe pia.

Uelekeo ni muhimu kama nguvu. Harpa, jumba la kioo lililofunguliwa mwaka 2011, limekaa ukingoni mwa bahari bila kizuizi. Upepo wa kaskazini ukivuma, zile mita mia kadhaa kati ya Harpa na mitaa ya ndani ndizo ngumu kuliko zote utakazotembea. Ukitoka pale usifuate barabara ya Sæbraut kwa sababu ramani imesema ni fupi. Vuka uingie mitaa ya ndani mara moja na uache majengo yakukinge. Eneo la ziwa la Tjörnin nalo liko wazi. Mshangao mzuri ni Laugavegur, Bankastræti na Skólavörðustígur: sehemu kubwa ya mitaa hiyo ina mabomba ya maji moto chini yake, theluji huyeyuka ikianguka. Ikiwa usiku ni wa barafu, zunguka kupitia huko hata kama ni dakika tano zaidi.

Kuupanga usiku

Watu hupanga usiku kwa bendi. Panga kwa kumbi, kisha bendi ndani yake. Chukua ramani na uzigawe kumbi katika vikundi. Harpa na Gamla Bíó, sinema ya zamani ya mwaka 1927, ziko karibu. Jumba la sanaa la Hafnarhús na baa ya Gaukurinn ziko mtaa mmoja, Tryggvagata. Iðnó na kanisa la Fríkirkjan ziko kando ya Tjörnin. Orodha ya kumbi hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo fuata ile ya mwaka wako. Kanuni ni ileile.

Usiku wa upepo mkali, hama kikundi mara moja tu. Usiku mtulivu, hama mara tatu ukipenda. Kati ya onyesho na onyesho hesabu muda wa kutembea mara mbili ya ramani: kuvaa, kukaza, kutembea, kusubiri mlangoni, kuvua. Watu husahau kuhesabu kuvaa na kuvua.

Bangili haikuhakikishii nafasi ukumbi ukijaa. Kwa msanii ambaye kila mtu anamtaka, ingia wakati wa aliye kabla yake. Hii si hasara. Airwaves ni mahali ambapo jina usiloweza kulitamka saa mbili usiku huwa ndilo unalolitafuta kwenye simu saa tatu, na wengi wa vijana hao wametokea Músíktilraunir, shindano la bendi changa lililowatoa Of Monsters and Men mwaka 2010. Majina makubwa ya nje nitayaona popote. Nikiwa Reykjavík, theluthi mbili za usiku wangu nawapa wenyeji.

Fríkirkjan ikiwa kwenye ratiba, iwekee usiku mmoja. Ni kanisa la mbao na mabati lenye benchi. Watu hukaa, hunyamaza, na msanii mwenye gitaa moja hujaza chumba kizima. Ukifika peke yako utapata ile nafasi moja mwishoni mwa benchi ambayo isingewatosha wawili. Vaa ile nguo ya pili, sweta la kuhifadhi joto, kwa sababu ukikaa kimya mwili hupoa.

Kuzungumza na watu? Foleni ndiyo sebule ya tamasha hili. Swali linalofungua mazungumzo ni kuuliza mtu ameona nini kizuri jana. Usimuulize anatoka wapi. Waisilandi huanza taratibu, si kwamba wanakununia, na wakishaanza hawaachi kukupa majina ya bendi.

Baa za wikendi hufungwa saa kumi na nusu alfajiri, na saa hiyo watu wote humwagika barabarani pamoja, teksi zikawa za kugombaniwa. Ondoka nusu saa kabla. Weka programu ya teksi ya Hreyfill kwenye simu kama akiba.

Mchana: bwawa, tumbo na swala

Jua huchomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi na kuzama kabla kidogo ya saa kumi na moja jioni. Ukilala hadi saa saba mchana kwa uchovu wa muziki, utaiona nuru kwa muda wa saa nne tu. Jilazimishe kuamka saa nne.

Kisha nenda bwawani. Mji una mabwawa ya umma ya maji moto ya ardhini. Sundhöllin, lililofunguliwa mwaka 1937, liko karibu na kanisa kubwa la Hallgrímskirkja. Utaratibu huwashtua wengi, kwa hiyo ujue mapema. Viatu unaviacha nje ya chumba cha kubadilishia. Unavua kila kitu, unaoga kwa sabuni ukiwa uchi kwenye bafu la pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao, halafu ndipo unavaa nguo ya kuogelea. Ukutani kuna mchoro wa mwili wenye alama za sehemu za kusugua, na mhudumu atakurudisha ukijaribu kupita umevaa. Sababu ni kwamba maji huwekewa dawa kidogo. Usiyeweza kabisa, uliza kama kuna kibanda cha faragha. Sehemu nyingi kipo. Unatoka nje ukiwa umelowa, upepo unakufukuza hatua kumi, unatumbukia kwenye bwawa dogo la nyuzi 38 hadi 42, na shingo peke yake ndiyo inabaki Novemba. Humo ndimo wenyeji huongea. Jikaushe kabla ya kurudi kwenye makabati, na simu ibaki kabatini.

Chakula kitakula pesa kuliko muziki. Nunua vya asubuhi na mchana kwenye maduka ya vyakula ya Bónus au Krónan, na kula mkahawani mara moja kwa siku. Maji ya bomba ya baridi ni safi kabisa, usinunue ya chupa. Ya moto ndiyo hunuka kiberiti, ni ya kuogea. Supu ya kondoo, *kjötsúpa*, ndiyo chakula cha upepo. Soseji maarufu za Bæjarins Beztu karibu na bandari ni za kondoo lakini huchanganywa na nguruwe na ng'ombe, kwa hiyo Muislamu achukue samaki. Pombe huruhusiwa kuanzia miaka 20, na bia ya baa hupita krona 1,300 bila aibu.

Kwa wanaoswali: adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana na magharibi kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo swala tatu zinabanana ndani ya muda usiofika saa nne. Zipange kabla ya kuingia bwawani. Misikiti ipo mjini, ila si katikati.

Usalama, bila kutishana

Aisilandi imekuwa ya kwanza kwenye orodha ya dunia ya nchi zenye amani tangu mwaka 2008. Mwanamke anayetembea peke yake usiku wa manane ni jambo la kawaida. Hata hivyo glasi yako ni yako, usiiache kwa mtu. Kinachoumiza watu kwa kweli ni barafu, upepo na bahari. Namba ya dharura ni 112, na kuna programu yake ya simu inayotuma mahali ulipo. Iweke kabla ya kusafiri. Mtumie mtu mmoja nyumbani ratiba yako na mkubaliane saa ya kumwandikia kila siku.

Ukitaka kuona nje ya mji, nunua safari ya basi ya Golden Circle, yaani Þingvellir, Geysir na Gullfoss, na uiweke mwanzoni mwa safari ili ikiahirishwa kwa upepo ubaki na siku ya kuirudia. Ukienda pwani ya kusini na kufika ufukwe wa Reynisfjara, usiyape mawimbi mgongo, yameua watalii. Nuru za kaskazini ziangalie kwenye vedur.is hiyo hiyo. Mnara wa taa wa Grótta, ukingoni mwa mji, una giza zuri, lakini njia ya kufika kisiwani hufunikwa na maji kupwa kukiisha, kwa hiyo tazama ukiwa upande wa bara, na upepo ukiwa juu ya 12 usiende peke yako.

Jumapili acha wazi. Kausha koti, lipia basi la kesho na uangalie umferdin.is, tovuti ya hali ya barabara. Ikiwa tahadhari ya chungwa imetangazwa kwa Jumatatu asubuhi, chukua basi la mapema au ulale karibu na uwanja usiku huo huo. Anayetoka kupitia mji mwingine wa Schengen atakaguliwa huko, si Keflavík, kwa hiyo muda wa kuunganisha uhesabu upya kabla ya kukubali ndege mbadala utakayopewa.